Mkono wa Bluu wa Baba Mkwe

Shelui haikosi malori. Madereva wanaegesha kando ya barabara kuu, wanashuka kula, kuoga na kunyoosha miguu, nami hapo ndipo ninapopatia riziki. Ninaandika mabango ya saluni, ninachora ng'ombe kwenye kuta za bucha na kuku kwenye kuta za hoteli. Hizo ndizo zinazonilisha. Ninachopenda ni kuchora sura za watu, na siwachori kama simu inavyowapiga picha. Dereva mmoja aliyefika hoi kwa safari ndefu nilimpaka uso wa njano, na macho mawili kama taa za lori zilizosahauliwa kuzimwa. Aliitazama picha kwa muda. "Hivi ndivyo ninavyojisikia," akasema, akaondoka nayo.

Mgeni mmoja aliyesimama kula chakula aliniambia uchoraji wa namna hiyo una jina lake: uekspreshonisti. Mchoraji hafuati rangi ambayo jicho linaiona, anafuata ile ambayo moyo unaisikia. Nililipenda lile neno. Nililikariri mpaka likakaa ulimini, na nusura linikoseshe mke.

Binti niliyetaka kumwoa alikuwa fundi cherehani pale Shelui, lakini kwao ni Issuna. Mjomba wangu alikubali kuwa mshenga, tukaenda wote. Njiani akaniasa.

"Wakikuuliza kazi, sema fundi rangi. Watadhani ni rangi za nyumba. Ishia hapo hapo."

Tulipokelewa vizuri. Tulitoa shikamoo zetu, tukaletewa chai. Baba wa binti alikuwa mtu mrefu, mfugaji na mkulima wa alizeti, mwenye sauti iliyozoea kuita ng'ombe walioko mbali. Badala ya kuzungumza na mshenga, alinigeukia mimi.

"Kijana, unafanya kazi gani?"

"Ninachora watu, baba."

Mjomba akakohoa.

"Unawachora wa nini? Simu si zipo?"

Nilibanwa, nikalitoa lile neno. Nililitamka lote, taratibu, lisipotee hata kipande. Mzee akamtazama mjomba.

"Huo ugonjwa unatibika?"

Mjomba alicheka mpaka chai ikammwagikia. Mzee hakucheka. Alisema, "Basi nichore mimi. Nikiiona kazi yako, ndipo tutazungumza habari za binti."

Nilirudi Issuna na turubai na rangi zangu. Mzee alivaa koti lake la kanisani, akakaa kwenye kigoda mbele ya zizi, kifua mbele, uso mkavu. Lakini hakuweza kutulia. Mbuzi akisogelea ghala, anainuka kufoka. Mtu akipita na baiskeli, anamuuliza anakwenda wapi na kwa nini amechelewa. Nilichora kinywa kikubwa, kinakaribia kuufunika uso, nikakizungushia wekundu wa udongo wa kule. Jicho moja nililifanya jembamba, la kunikagua mimi. Jingine likawa duara, la kuwafuata ng'ombe.

Jua lilipopanda, alivua koti akaingia zizini. Kulikuwa na ndama aliyefiwa na mama yake. Mzee alichuchumaa, akamnywesha maziwa kwa chupa, mkono wa pili ukimshika chini ya taya. Alikuwa akimsemesha Kinyaturu kwa sauti ya chini ambayo sikudhani anayo. Nami nikaufuta mkono niliokuwa nimeuchora, nikauchora upya. Safari hii niliufanya mkubwa kuliko kichwa, nikaupaka bluu ya asubuhi kabla jua halijatoka.

Nilipoigeuza picha aione, aliikagua kuanzia juu mpaka chini, uso ameukunja. Mjomba, aliyekuwa amenisindikiza tena, alianza kuangalia njia ya kurudia.

"Mimi sina mkono wa bluu," mzee akasema hatimaye.

"Ndiyo, baba."

"Na huu mdomo ni wa nani?"

Kabla sijajibu, mama mkwe akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. Alitazama picha, akamtazama mumewe, akarudi kwenye picha. Kisha akashika nguzo ya zizi akacheka, akaishiwa nguvu, akakaa chini. Alipopata pumzi alisema maneno kwa Kinyaturu. Mimi ni Mnyiramba, sikuambulia kitu. Binti, aliyekuwa amekuja kwao siku hiyo, ndiye aliyenitafsiria, akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama anasema huo mdomo ndio unaomwamsha kila siku. Na huo mkono ndio uliomfanya akubali kuolewa."

Mzee aliinamia mkono wake mwenyewe, akaugeuza huku na huku. Akavuta kigoda, akamwekea mkewe.

"Kaa hapa," akasema. "Na wewe akuchore. Tucheke wote."

Mama hakukaa. Alisema ana ugali jikoni, kwa hiyo nilimchora nikiwa mlangoni, yeye akisonga, mgongo wake ukiwa wa njano kama shamba la alizeti lililochanua. Mzee alilalamika kwamba mke wake amependelewa. Jioni ile ile aliita ndugu zake, mazungumzo ya posa yakaanza, na mjomba akawa mshenga mwenye maringo.

Tulioana baada ya mavuno. Picha zote mbili ziko sebuleni kwao, na mgeni akiingia, mzee husimama pembeni ya picha yake na kumuuliza kama anamtambua huyo mtu. Ole wake atakayesita.

Mke wangu bado sijamchora. Kila nikishika brashi ananiambia nisubiri, kwamba sijamjua vya kutosha. Mwaka huu nilimwonyesha rangi niliyomchanganyia. Aliionja kwa macho, akasema imekaribia.