Nilivyokwenda Usevya Kuposa Dereva

Watu wa mpira wana dirisha lao la usajili, na redio hulitangaza mpaka masikio yachoke. Sisi wa mashindano ya pikipiki hapa Mpanda hatuna dirisha, tuna masika. Mvua zikishika, barabara hugeuka tope, mashindano hulala, na hapo ndipo vijiwe vya bodaboda vinapoanza kunyang'anyana madereva. Mpunga ukishavunwa na vumbi likirudi, kila timu ina sura mpya, na lazima kuna mtu mahali fulani amenuna.

Namna yetu ya kumsajili dereva huwachekesha wageni. Tunaposa, kama watu wanavyoposa mke. Dereva ni mtoto wa watu. Akianguka akavunjika mguu, nani atakwenda kusimama mbele ya wazazi wake? Kwa hiyo kijiwe kikimtaka dereva, kinatuma mshenga nyumbani kwao, na zawadi mkononi. Wenzetu wa Inyonga hutuma ndoo ya asali, na kwa asali hiyo wameshatuchukulia madereva wazuri. Sisi wa kijiwe cha Kashaulili ni watu wa sokoni, tunapeleka vya sokoni: kitenge cha mama, sukari, kreti ya soda. Na kama ilivyo kwenye ndoa, kazi ya mshenga haiishi siku ya posa. Mambo yakienda kombo baadaye, ndiye anayeitwa kujibu.

Mimi nilikuwa dereva wa Kashaulili kwa misimu mingi. Nasema hivyo bila kujisifu, ingawa mke wangu akisoma hapa atakohoa. Nikikatiza sokoni na jezi yangu ya njano, wauza nyanya walinipigia makofi, na muuza chipsi mmoja aliniongezea kachumbari bila kuombwa. Mtu akishazoea kachumbari ya bure huanza kujiona ni nusu mheshimiwa.

Masika moja mwenyekiti wa kijiwe chetu akaniita pembeni. Alisema kuna binti huko Usevya anabeba magunia ya mpunga kwa pikipiki juu ya kingo za majaruba, kwenye utelezi, na hajawahi kumwaga hata punje.

"Tunamtaka," akasema. "Nenda wewe ukamwombe. Wewe una mdomo."

Sikuuliza zaidi. Kwanza, kusifiwa mdomo kulinipendeza. Pili, kwa muda mrefu mwenyekiti alikuwa akituahidi pikipiki ya pili ya mashindano, nami nikajua sasa imepatikana na huyo binti ndiye wa kuipanda. Nikajiona mkubwa wa madereva, mwenye msaidizi. Nilimwambia mke wangu jioni ile kwamba timu inapanuka, akanitazama kidogo, akaendelea kuchambua maharage.

Tukaenda watu wawili, mimi na fundi wetu wa pikipiki, ambaye ni mtu wa maneno machache hata siku za kawaida. Siku ile alikuwa hana maneno kabisa. Mbung'o walituingilia ndani ya basi tulipokatiza hifadhini, wakatuuma juu ya shati, na hata hapo hakulalamika. Mimi nilidhani anaumwa tumbo.

Nyumbani kwa binti tulimkuta baba yake anaanika mpunga kwenye turubai. Tulibisha hodi, akatujibu, "Tumsifu Yesu Kristo," tukaitika, "Milele amina," tukaletewa viti. Mzee alikuwa Mpimbwe wa siku nyingi, mkulima, mpole, mwenye macho ya mtu anayepima debe. Binti mwenyewe alikuja kutusalimia akiwa na tope mpaka magotini, kisha akaketi mbali kidogo na mama yake, akatega sikio.

Hapo nikafungua mdomo niliosifiwa. Kwa kweli nilisema vizuri siku ile. Nilisema tumeona ua kwenye bustani ya mzee na hatukuweza kupita bila kubisha. Nilisema Kashaulili ni nyumba yenye heshima, dereva wetu hapandi pikipiki bila helmeti, halali njaa, hatukanwi na mtu. Mama alishika kitenge akakipapasa. Majirani waliokuja kusikiliza walikuwa wakitikisa vichwa kukubali. Ninachosema ni kwamba kama ningekuwa naposa mke ningepewa pamoja na mdogo wake.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Hizo pikipiki za mashindano, nyie mnazo ngapi?"

"Kwa sasa moja, mzee. Ya pili iko njiani."

Mzee akamgeukia fundi. "Iko njiani?"

Fundi akainamia kandambili zake kama mtu aliyeona mchwa. "Hapana, mzee," akasema. "Haipo."

"Basi ni moja. Anayeipanda sasa ni nani?"

"Ni mimi," nikasema.

Mzee akaacha kugeuza mpunga. "Kijana, ngoja nielewe. Umetoka Mpanda mpaka hapa kuniomba nikupe mwanangu achukue nafasi yako?"

Ndipo nilipoelewa na mimi. Nilielewa kimya cha fundi, nikaelewa na kwa nini mwenyekiti alinituma mimi badala ya kuniambia. Kule kijiweni wote walijua. Nilitemwa nikiwa nimebeba kreti ya soda begani kumpelekea anayekuja kuniondoa. Uso uliniwaka. Nilitamani kusimama, nichukue kitenge changu na sukari yangu, nirudi nikamshike mtu shingo.

Lakini majirani walikuwa wananitazama, na yule binti naye, na mzee alikuwa anasubiri jibu. Ningesema nini? Kwamba mshenga ametumwa ujumbe asioujua? Hadithi ile ingefika Mpanda kabla ya basi. Bora nionekane mkarimu kuliko nionekane mjinga. Watu baadaye walinisifu kwa moyo wa ajabu. Ukweli ni kwamba ilikuwa aibu tupu.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Nafasi yangu."

Hata kuku waliokuwa wakiuvizia mpunga hakuna aliyewafukuza. Mzee akapangusa mikono.

"Nimeshaona watu wakija kuomba," akasema. "Sijaona anayeomba hivi. Nitakupa. Lakini atakaa nyumbani kwako, na chochote kikitokea, kizuri au kibaya, simpigii mwenyekiti wenu. Nakupigia wewe."

Safari ya kurudi ilikuwa zamu yangu kunyamaza, mpaka tulipotoka hifadhini. Kisha nikamtolea fundi maneno ambayo siwezi kuyaandika. Yeye akaniambia tu, "Kaka, tulikuogopa." Hilo lilinipoza kidogo, kwa sababu kuogopwa nako ni aina ya heshima.

Mwenyekiti nilimsusia kwa wiki kadhaa. Mke wangu ndiye aliyeniudhi zaidi, maana alicheka mpaka akakaa chini. "Baba watoto," akasema, "pikipiki yenyewe ikikuona inahema." Kweli nilikuwa nimeongezeka uzito, lakini mtu hapendi kuambiwa na anayempikia.

Nikasema sawa, mimi dereva mzima, nitaposwa na wengine. Nikakaa kusubiri mshenga. Kila pikipiki iliyosimama nje ya nyumba nilichungulia dirishani. Mara muuza mkaa, mara katekista anatafuta michango. Mwisho nikamwomba rafiki yangu mmoja aweke tetesi kwenye kundi la WhatsApp la madereva wa mkoa, kwamba Inyonga wanamnyemelea dereva mkongwe wa Kashaulili. Haikupita muda mwenyekiti wa Inyonga mwenyewe akajibu, akaweka na vikatuni vinavyolia kwa kicheko: "Sisi tunataka dereva, mzigo tunao wa asali." Kundi zima likaangua vicheko. Nilizima data, nikalala mchana kweupe. Iliniuma sana, sitaficha.

Mpunga ulipoisha kuvunwa, binti akaja na begi lake na debe la mchele. Alinisalimia, "Shikamoo, anko," akaingia jikoni, na ndani ya siku chache mke wangu alikuwa anamwita mwanangu na kumwekea minofu ambayo zamani ilikuwa yangu. Mimi nilipanga kumfundisha kwa ukali mpaka akimbie mwenyewe. Nilimpeleka kwenye barabara ya vumbi nje ya mji, nikasimama juani nikapiga kelele. Breki hapa! Gia shusha! Unaendesha pikipiki au unapalilia?

Yeye alicheka tu. "Anko, ukipiga kelele sisikii, injini ina kelele zaidi yako. Nionyeshe kwa mkono."

Nikamwonyesha kwa mkono. Aliyoyapenda aliyachukua, asiyoyapenda aliyaacha, na alikuwa na yake ambayo mimi sikuyajua. Tairi la nyuma likiteleza, mimi siku zote nililishikia breki. Yeye aliliacha liteleze, akakaa juu yake kama anayekaa kwenye mkeka, akalisubiri lirudi. Kwenye majaruba, alisema, ukishindana na tope linakushinda. Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na wivu hadi kwenye meno, na hapohapo nilikuwa na hamu kesho ifike nimwone tena. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja tumboni mwangu msimu mzima wa mazoezi, na sikuona moja likimfukuza mwenzake.

Siku ya mashindano vumbi lilikuwa jekundu na watu wamejaa pande zote za barabara, wauza miwa, wauza maji, akina mama na watoto mgongoni. Binti alikuwa ameshavaa jezi ya njano, ile yangu, mke wangu aliipunguza kiunoni. Kabla ya bendera aliniita. Alikuwa ameshavua helmeti.

"Anko, panda wewe," akasema kwa sauti ndogo. "Bado hatujaanza. Waambie naumwa. Watakubali."

Wangekubali. Mwenyekiti alikuwa hatua chache tu kutoka pale, na mwenye bendera ni rafiki yangu. Pikipiki ilikuwa inanguruma, nimeiweka sawa mimi na fundi, na mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshajikunja wenyewe kama unavuta mafuta. Niliitaka nafasi ile. Niliitaka kuliko nilivyowahi kuitaka siku zangu zote.

"Nilikuomba kwa baba yako mbele ya watu," nikamwambia. "Unataka nikajibu nini Usevya? Kaa vizuri. Na usishindane na tope."

"Leo hakuna tope, anko."

"Basi hata vumbi."

Akacheka, akavaa helmeti. Bendera ikashuka, wakaondoka, na mimi nikabaki nimemeza vumbi la timu zote. Mzunguko wa kwanza alikuwa katikati. Wa pili sikumwona kabisa, nikashika bega la fundi mpaka akaguna. Wa mwisho, kwenye kona, ikatokea pikipiki ya Inyonga, na nyuma yake, karibu kugusana, jezi ya njano, tairi linateleza na yeye ametulia juu yake. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mwenyekiti alinikumbatia, nikasahau kwamba simsemeshi.

Alimaliza wa pili. Walimbeba juu, muuza chipsi akamletea sahani nzima. Simu yangu ikaita, nikasogea pembeni penye utulivu kidogo. Ilikuwa ni Usevya.

"Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu yuko salama?"

"Milele amina. Salama kabisa, mzee."

"Amekuwa wa ngapi?"

"Wa pili, mzee! Wa pili kwa unywele tu!"

Nikasikia akiwatangazia watu wa nyumbani, na mama akipiga vigelegele. Kisha mzee akarudi kwenye simu.

"Na wewe, mwaka jana, kwenye pikipiki hiyohiyo, ulikuwa wa ngapi?"

Nilitaka kumweleza habari za cheni, na jua la mwaka jana, na plagi iliyokuwa inasumbua. Nilimtazama binti yake kule juu ya mabega ya watu.

"Wa saba, mzee," nikasema. "Na huo ndio ulikuwa mwaka wangu mzuri kuliko yote."

Alicheka mpaka akakohoa, nami nikajikuta nacheka naye. Alipopata pumzi akasema, "Basi uliomba vizuri, kijana."

Nikamshukuru, nikafuta uso, nikarudi kwa wenzangu kabla chipsi hazijaisha.