Vibiriti Saba vya Kizimbani

Miaka ya hamsini nilikuwa mpimaji wa choo katika hospitali moja mjini Unguja. Siku moja tuliagizwa tuwapime vibarua wa shamba la mikarafuu la Kizimbani. Kila mmoja alipewa kasha tupu la kibiriti alete choo chake.

Asubuhi wakaja watu saba na vibiriti saba. Nikachungulia cha kwanza kwenye darubini: mayai ya chango, mayai ya safura, na maganda ya nyanya. Cha pili vivyo hivyo. Kufika cha saba, nyanya ni ile ile, damu imeshanichemka.

Nikatoka nje na kibiriti kimoja mkononi kuwakaripia. Mbele yao alisimama mzee wa makamo ya baba yangu, basi na hasira zangu zote ikabidi nianze na shikamoo.

"Marahaba."

"Hiki choo cha nani?"

"Changu, mwanangu."

"Na cha kwenye vibiriti sita vya wenzako?"

"Changu pia. Wenzangu wameamka hawakupata kitu. Mie Mungu kanijaalia kingi. Sasa niwanyime?"