Waliolala Juu ya Karatasi

Walisema nitaishia kuuza mkaa. Mwenye duka wa mtaa wa Kashaulili, aliyenikopesha karatasi na wino, aliniambia mbele ya wateja wake, "Msomi, diploma ya kuchora watu weusi kwa rangi nyeusi itakulisha lini?" Wakacheka. Leo picha zangu zimetundikwa kwenye nyumba ambazo hao waliocheka hawavuki hata geti. Sijisifu, nasema yaliyopo.

Niliporudi kutoka Dar nilipanga chumba mtaa wa Shanwe. Nilichora kitu kimoja tu: mwili mzima wa mtu kwa wino, na ndani yake anga. Ini nililifanya mwezi. Kifua kilikuwa usiku mweusi, na katikati yake niliacha vitone vyeupe vya Kilimia, zile nyota wakulima wetu wanazozitazamia msimu ukikaribia.

Nilihitaji watu wa kulala juu ya karatasi niwazungushie mstari wa mkaa. Hakuna aliyekubali ila walionidai, nadhani kwa kulinda mali yao: yule mwenye duka, mfugaji mmoja Msukuma wa Sibwesa aliyeuza ndama ili nilipe kodi, na mama yangu mdogo, aliyeuza mchele wake wa Mpimbwe anikopeshe.

Mama mdogo alilala kimya mno. Nilipomwambia ainuke alikawia, kisha akasema karatasi ina baridi ya udongo. Kwetu anayepimwa akiwa amelala ni maiti. Hupimwa kwa mwanzi, wachimbaji wajue urefu wa kaburi. Mimi nilikuwa nafikiria nyota.

Kwenye picha yake wino ulishika kila mahali isipokuwa kifuani. Nikipaka jioni, asubuhi nakuta weupe mtupu. Nilibadili brashi, nikakoleza wino. Wino naujua, haupatani na mafuta, na huenda alikuwa amejipaka. Lakini kilichogusa karatasi ni mgongo wake, tena akiwa na nguo.

Baada ya hapo akaanza kukonda. Chakula kilimshinda.

Kisha akaja mnunuzi aliyetaka picha zote tatu, kwa bei ya kumaliza madeni yangu yote. Nilikwenda kumpa mama mdogo habari hiyo njema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "nilikukopesha mchele. Mwili sikukukopesha. Nirudishie."

Nikarudi Shanwe, nikatandika karatasi mpya, nikalala mwenyewe na kujizungushia mkaa kwa mkono wa kulia, kadiri ulivyofika. Ikawa picha bora kuliko zote. Mnunuzi alipoiona hakuziulizia tena zile tatu. Akalipa bei ileile, akaiacha ikauke.

Siku hiyo niliwaita wote watatu chumbani kwangu, nikampa kila mmoja hela yake na picha yake. Mwenye duka alihesabu mara mbili. Msukuma aliikunja yake, akaificha ndani ya shuka. Mama mdogo alipoishika yake aliomba uji, akaumaliza.

Kisha akasimama mbele ya picha yangu. Akaufuata mstari kwa kidole bila kuugusa: kichwa, bega, mkono wa kushoto, miguu yote miwili, halafu mkono wa kulia, mzima, mpaka ncha za vidole.

"Huu ndio ulioshika mkaa," akasema. "Sasa wenyewe nani aliuzungushia?"

Nikamjibu kwamba kuanzia leo sidaiwi na mtu yeyote.