VPN ya dada yangu aliyekuwa ng'ambo ya Mabamba: nilikagua kila kitu isipokuwa Gmail

Mwakeye wakuu.

Kwa wasio wa Kigoma, hiyo ni salamu ya kwetu. Itikieni hivyohivyo tuendelee.

Kila wiki humu jukwaani naona mtu anauliza VPN ipi nzuri, na majibu anayopata ni majina ya app na vicheko. Leo najibu kwa yaliyonipata mwenyewe mwaka huu. Majina ya watu nimebadilisha. Kampuni ya VPN siitaji, sitaki kuipigia debe wala kuichafua. Yaliyobaki ni kama yalivyotokea, na hasira yangu nimeiacha ilivyo.

Mimi ni mzaliwa wa Makere, Kasulu. Baada ya chuo nikapata mkataba wa kufundisha hesabu shule moja ya binafsi huko Kibondo. Wanafunzi wananiita Mwalimu Kwanini. Walimu wenzangu nao wamelichukua jina, na sijaona sababu ya kulikataa.

Dada yangu, Da Skola, aliolewa ng'ambo, upande wa Burundi, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Mabamba, mpakani kwetu. Shemeji alifariki zamani, akamwachia watoto wawili na kibanda cha vitenge.

Mambo ya kule yalipochafuka mnayajua, sirudii. Sisi wa Kibondo tulikuwa tunaona watu wanaingia na magodoro kichwani.

Da Skola naye alitaka kutoka. Tatizo ni kwamba mtaani kwake ikisikika fulani anajiandaa kuondoka, vijana wanaanza kupita kwake kuuliza maswali, na wengine wakishaulizwa hawaondoki tena. Kwa hiyo mipango yote tulikuwa tunaifanyia WhatsApp.

Halafu WhatsApp ikazimwa kule.

Akanipigia simu ya haraka haraka. "Mdogo wangu, watu huku wanatumia kitu kinaitwa VPN, WhatsApp inafunguka tena. Ziko nyingi. Wewe ndiye msomi, niambie niweke ipi. Usinichagulie ya kunichongea."

Hilo neno la mwisho ndilo lililoninyima raha.

Nikaanza kuchunguza. Wakuu, niliona vituko.

App ya kwanza ilikuwa ya bure kabisa. Kabla haijafanya lolote inaomba ruhusa ya kusoma meseji na majina yote yaliyo kwenye simu. Kwa nini? Kazi yako ni kunipitishia intaneti, majina ya wajomba zangu unayapeleka wapi? Nikaifuta.

Ya pili nayo ya bure, inakupa data kiduchu kwa mwezi, ukimaliza unasubiri mwezi mwingine. Katikati ya maongezi inakuletea tangazo la dawa ya kupunguza tumbo. Nikajiuliza hawa wenye server Ulaya umeme wanalipiwa na nani kama mimi silipi. Sikupata jibu lililonipendeza.

Nikaenda kwenye za kulipia. Bei zote kwa dola. Ya mwezi mmoja inauma, ya mwaka mzima inaonekana rahisi ukiigawa kwa miezi, lakini lazima ulipe yote leo. Sasa mtu anayetafuta njia ya kutoka kwake wiki hii unamuuzia mwaka wa nini?

Free trial ipo, ila bila namba ya kadi haianzi. Kadi yangu ya benki inajua kutoa hela kwenye mashine tu, na mashine yenyewe hapa Kibondo ikipenda inafanya kazi, isipopenda unarudi nyumbani.

Nikakaa kwenye privacy policy. Ukurasa wa mbele wameandika kwa herufi kubwa kwamba hawatunzi kumbukumbu zozote za mteja. Nikashuka. Nikashuka tena. Huko chini, kwa herufi za kutafutia miwani, wanasema wanaweza kutunza muda ulioingia na muda uliotoka kwa ajili ya kuboresha huduma. Sasa zozote maana yake nini?

Kuna kitu wanaita kill switch: VPN ikianguka, intaneti inakatika palepale ili usionekane ulivyo. Nikafurahi, kwa sababu mtandao wa huku unaanguka kila mawingu yakikaza. Kumbe ni ya kompyuta tu, kwenye simu hawajaiweka. Hilo hawaliandiki karibu na bei. Nilipowauliza kwa email wakanijibu kwamba mimi ni mteja wao wa thamani.

Mwalimu mwenzangu, Massawe, alinikuta ofisini na makaratasi niliyochora mistari ya kulinganisha.

"Kwanini, wewe hata chumvi unauliza imetoka ziwa gani," akasema. "Nunua moja dada wa watu aongee."

"Na wakiwa wanauza taarifa zake?"

"Kwa nani? Kuna Mzungu anataka bei ya vitenge?"

Lakini Massawe ndiye aliyekuwa na kadi inayokubali kulipa mtandaoni. Mwishowe nikachagua moja, ya mwezi mmoja, isiyoomba ruhusa ya ajabu, ambayo policy yake niliisoma mpaka nukta ya mwisho. Niliijaribu kwenye simu yangu, ikanionyesha niko Uholanzi. Nikaizima, nikarudi Kibondo. Nikaiwasha na kuizima mpaka nikaridhika.

Nikampigia Da Skola, nikamwelekeza hatua kwa hatua.

"Play Store inafunguka? Gmail unayo?"

"Ipo. Aliniwekea Sadiki pale Kasulu niliponunulia simu."

"Haya, endelea."

Wakuu, hapo kwenye "haya, endelea" pawekeni alama.

App ikaingia, nikampa jina na password ya VPN, na baada ya muda WhatsApp yake ikafufuka. Meseji ya kwanza: "Niko Uholanzi, huku baridi." Mama yangu kule Makere alipoambiwa alisema mtoto akitania hivyo bado yuko salama.

Tukapanga. Kuna dereva wa bodaboda wa Mabamba, nitamwita Bosko, anayezijua njia za upande ule. Angemchukua Ijumaa yeye na watoto. Nilimtumia Da Skola namba yake na kumwonya asiandike jina lenye maelezo.

Siku zile shule ilikuwa na mapumziko mafupi, nikashuka Makere kumwona mama, nikiwa na nia ya kurudi Kibondo Alhamisi. Jumatano mchana tumekaa nje tunamenya mihogo, akaja jirani yetu, Mama Zabroni, anauza vitumbua pale senta. Mwanawe alimnunulia simu ya kupangusa.

"Mwalimu, hebu nisaidie. Simu yangu inazaa majina."

"Inazaa vipi?"

"Yanaingia yenyewe. Kuna Fundi Bati Manyovu, simjui. Kuna Baby wa Pili, simjui, na wa kwanza simwoni. Sasa jana kaingia huyu hapa."

Akanipa simu. Nikasoma: Bosko Kuvuka Ijumaa.

Mkono wenye kisu niliuweka chini. Namba niliijua kwa kichwa.

"Huyu nimempigia," akaendelea Mama Zabroni. "Nikamuuliza wewe ni nani na unavuka kwenda wapi. Akanikatia. Nikarudia, akazima kabisa. Watu hawana adabu siku hizi."

Nikajaribu kumpigia Bosko. Hapatikani.

"Simu hii mwanao aliinunua wapi?"

"Kwa Sadiki, Kasulu."

Nilipanda gari la kwanza lililopita.

Sadiki ni kijana wa Tanga, ana duka la simu mjini Kasulu, mkarimu, mteja akiingia anakaribishwa kwa kashata. Nilimkuta anabandika kioo cha simu.

"Sadiki, simu ya dada yangu uliiwekea Gmail gani?"

"Ya duka, shekhe."

"Na ya Mama Zabroni wa Makere?"

"Ya duka. Wateja wangu wote ni Gmail moja. Nikianza kumfungulia kila mtu ya kwake sitauza. Google inataka namba ya simu, inataka tarehe ya kuzaliwa, na mteja mwenyewe akitoka hapo nje password kaisahau. Mimi nawaingiza kwenye yangu, Play Store inafunguka, mtu anaondoka na WhatsApp yake. Kuna aliyelalamika?"

Nikamweleza kwamba mteja mmoja akihifadhi jina kwenye Gmail hiyo, linaingia kwa wote. Akacheka kidogo. "Aa, ndiyo maana mke wangu aliniuliza Baby wa Pili ni nani."

Mimi sikucheka.

"Ng'ambo una wateja?"

"Alhamdulillah, wengi. Simu zangu zimefika mpaka kwa wale vijana wanaokaa barabarani kuhoji wapitao. Kwani vipi?"

Nikamwambia vipi. Taratibu, kwa sauti ya chini. Aliacha kioo alichokuwa anabandika. Na hapo, akidhani ananisaidia, akafungua kompyuta yake.

"Tumtazame yuko wapi basi. Hii huduma naitoa kwa wateja wanaopoteza simu."

Ikaja ramani. Akachagua simu ya Da Skola kwenye orodha, kikaonekana kidoti cha kijani juu ya mtaa wake, karibu kabisa na kanisa ninalolijua.

Nilikuwa nimelipia dola ili dada yangu aonekane yuko Uholanzi. Na Kasulu, kwenye meza yenye kashata, anaonekana mpaka paa la nyumba yake.

Jina la Bosko tulilifuta kwenye Gmail ya duka, likatoweka kwa wote. Lakini nani alikuwa ameshaliona? Hilo hakuna wa kunijibu mpaka leo.

Nikampigia Da Skola WhatsApp. VPN ilikuwa inafanya kazi vizuri sana, sauti safi kabisa. Nikamweleza.

"Si nilikwambia usiandike jina lenye maelezo?" nikasema, hasira imenizidi.

"Kina Bosko nilio nao ni watatu, mdogo wangu. Ningempigia muuza nguruwe?"

Nikajua hapo hakuna kesi.

"Bosko amezima simu. Ijumaa haipo tena," nikamwambia.

"Basi ni kesho. Kina mama wa huku wanavuka asubuhi kuuza mihogo Mabamba. Nitabeba kapu."

"Simu yako..."

"Nitaizima."

Sadiki aliyekuwa anasikiliza akatikisa kichwa. "Asiizime. Ikizimwa kidoti kinapotea, na kikitembea kinaonekana kinatembea. Mwambie aiache nyumbani kwenye chaji. Gmail ya duka imo kwenye simu za watu wengi, na password niliwahi kuwapa mafundi wenzangu wawili watatu. Sijui nani anatazama."

Wazo la maana la siku nzima likatoka kwa mtu aliyesababisha matatizo yote. Nilikasirika zaidi.

"Na hii VPN yako ya Uholanzi?" Da Skola akauliza.

"Iache iwake."

Baada ya hapo hakukuwa na mawasiliano yoyote. Kwangu hiyo ilikuwa sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu nilizoea kukagua, na sasa hakuna cha kukagua.

Nikampigia Massawe. Alfajiri ya Alhamisi alinikuta njiani nikitokea Kasulu, akanipakia kwenye pikipiki yake, tukaenda Mabamba. Tulisimama karibu na wanaouza mihogo. Kina mama walikuja kwa makundi, mmoja mmoja nikiwatazama usoni mpaka wengine wakaanza kunitukana kwa Kirundi. Kundi likapita. Kundi jingine likapita. Massawe alininunulia ndizi, nikaishika tu.

Halafu nikamwona mpwa wangu mdogo, amebeba jembe lililomzidi urefu. Nyuma yake dada yake. Nyuma yao mwanamke mwenye kapu la mihogo kichwani, anatembea bila haraka kama anayewaza bei.

Alitua kapu mbele yangu. "Mwalimu, mihogo hii ni mibovu, niliinunua ya kubebea tu." Kisha akakaa chini, akafunika uso kwa kitenge.

Massawe akawachukua watoto kwenda kuwatafutia uji.

Simu yangu ikaita. Ni Sadiki.

"Shekhe, pole. Nakitazama kidoti tangu asubuhi, kipo palepale nyumbani. Hakijatikisika. Dada yako hajatoka."

Wazo la kuiacha simu nyumbani alilitoa yeye mwenyewe, keshalisahau. Nikamtazama Da Skola, amefunua uso, ananyoosha mkono kuomba ile ndizi.

"Endelea kukitazama," nikamwambia Sadiki. "Akitoka nijulishe."

Wakuu, huo ndio ushuhuda wangu.

VPN siilaumu. Ilichoahidi ilifanya, ukiondoa yale maneno ya herufi ndogo. Ukiniuliza ya bure au ya kulipia, nitakwambia lipia, kwa mwezi, na usome policy mpaka chini. Lakini VPN inaficha njia tu. Mlango wa nyumba ukiwa wazi, njia uliyopita haina maana. Mimi niliwahoji watu wa Ulaya kama mahakimu, halafu swali lililokuwa hapa Kasulu nikalijibu kwa "haya, endelea".

Da Skola yuko Makere, anashona. Wiki iliyopita nilipita kwa Sadiki kumsalimia. Ananiambia kwa fahari kwamba amebadilika, sasa kila mteja anamfungulia Gmail yake peke yake.

Nikamuuliza password wanaweka wenyewe?

"Aa, watasahau hao. Nimewawekea wote moja, jina la duka."

Nimechoka, wakuu.

Kwa hiyo kabla hujaniuliza VPN ipi nzuri, shuka kwenye comments uniambie jambo moja: Gmail iliyomo kwenye hiyo simu uliyoishika, alikufungulia nani?