Chungu cha Bupe na Baiskeli Isiyo na Kengele

Niliondoka Mbeya kwa sababu mbili, na ile niliyoitangaza ilikuwa ndogo kuliko ile niliyoificha. Nyumbani nilisema nakwenda Kyela kumchukulia mama mdogo chungu cha harusi ya binti yake. Moyoni nilikuwa nakwenda kuijaribu baiskeli yangu mpya.

Kwa asiyezijua baiskeli hizi, nieleze kidogo. Kuna baiskeli nyepesi za kukimbilia barabara za changarawe, ambazo usukani wake umepinda kuelekea chini kama pembe za kondoo dume. Zinakwenda kasi, lakini njia ikijaa mawe, mizizi na kona za ghafla, usukani ule hauna mshiko mzuri. Yangu imeundwa kwa njia kama hizo. Usukani wake ni mnyoofu na mpana, breki ziko chini ya vidole muda wote, tairi ni nene zenye meno, na giya ya chini kabisa ni laini kiasi kwamba unaweza kupanda mlima huku unaongea. Ili iwe nyepesi haina madigadi, haina keria, haina stendi. Kengele ilikuja nayo, ndogo kama kifuniko cha chupa ya soda, lakini niliifungua mwenyewe kwa sababu ilikuwa inalialia kwenye mawe. Mimi na wenzangu tunaoendesha pamoja siku za Jumamosi hatutumii kengele. Tunapaza sauti tu, "Kushoto!", na mtu anasogea.

Asubuhi ya kuondoka, Mbeya ilikuwa imefunikwa na ukungu na vidole vilikufa ganzi kwenye breki. Hadi Tukuyu ni kupanda na kushuka kati ya viazi, migomba na chai. Hapo nikaacha lami, nikashika njia za mashambani zinazoteremka kuelekea ziwani. Joto lilinipokea kidogo kidogo. Kwanza nilivua koti, kisha glovu, mwishowe nikawa nasimama kila penye bomba la maji. Baiskeli ilifanya yote niliyoahidiwa. Kwenye makorongo nilisimama juu ya pedali, nikalegeza viwiko, nikaiacha icheze chini yangu. Nawashauri wanaoanza kufanya vivyo hivyo, kwa maana ukiibana sana inakutupa. Nilifurahi kama mtoto.

Jioni niliingia Makwale. Kokoa ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, na harufu yake chachu ilinifikia kabla sijamwona mtu. Mama mdogo Subilaga alinikumbatia, kisha akaizunguka baiskeli yangu taratibu kama mtu anayekagua ng'ombe.

"Keria iko wapi?"

"Haina, mama."

"Wamekuibia njiani?"

"Imetengenezwa hivyo."

"Sasa chungu utakibeba kwa meno?"

Bupe, binti yake, bibi harusi mwenyewe, alitoka jikoni akijifuta mikono. "Mama, muache kaka. Baiskeli za mjini zimeokoka, hazibebi tena mizigo ya dunia."

Tulicheka wote. Nikawaeleza kwamba chungu nitakifunga mgongoni kwa blanketi na kanga, na baiskeli kama hii haitikisi mtu. Mama mdogo alinitazama, akaacha kucheka, akanieleza habari ya chungu chenyewe.

Chungu chake mwenyewe cha harusi kilifinyangwa na Bibi Tusekile wa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kilicho ng'ambo ya mwamba, kando ya ziwa. Anakipikia mpaka leo. Alitaka Bupe naye aondoke nyumbani na chungu cha mikono ileile. Lakini mikono hiyo sasa imevimba maungio, na bibi alikwishaacha kufinyanga vikubwa. Mama mdogo alimbembeleza sana. Bibi akakubali kimoja tu, akasema ndicho cha mwisho.

"Kwa hiyo uwe mwangalifu," mama mdogo aliniambia. "Kitaletwa kwa mtumbwi soko la Lyulilo, pale Matema. Wewe subiri sokoni, usihangaike kwenda popote."

Siku iliyofuata, kulipopambazuka, nilishika njia ya Matema. Baiskeli za Kyela zilikuwa zimekwisha amka kabla yangu. Zilibeba mikungu ya ndizi, magunia ya mpunga, hata kitanda kimoja kilichosimamishwa wima, na zote zilikuwa zinapiga kengele. Nilizipita moja baada ya nyingine. Mzee mmoja mwenye gunia aliniitia, "Kijana, unafukuzwa?" Nikampungia mkono.

Lyulilo nilikuta ziwa limechafuka. Mitumbwi ilikuwa imevutwa juu mchangani na soko lilikuwa na vyungu vichache vya juzi. Mama mdogo akanipigia simu: chungu kimetoka Ikombe kwa miguu, kimebebwa na Mama Lugano, mkwe wa Bibi Tusekile. "Subiri hapohapo," alirudia.

Nilisubiri kidogo. Lakini njia ya Ikombe ilikuwa mbele ya macho yangu, imejikunja ubavuni mwa mlima, mawe na mizizi mitupu, maji yakipiga chini yake. Kwa mtu mwenye baiskeli kama yangu, ile ilikuwa kama kumwekea mtoto pipi mezani na kumwambia asubiri.

"Njia hiyo si ya baiskeli, kaka," muuza dagaa mmoja aliniambia nilipoanza kuvaa kofia ngumu.

"Hii ndiyo njia yake hasa, dada."

"Haya. Ziwa lipo, litakudaka."

Mbele kidogo njia inagawanyika. Ya chini ni ya wenye mizigo, na ya juu inapita kwenye miamba kisha inarudi kuungana na ya chini. Nikashika ya juu. Sitaficha kwamba ulikuwa mlima mtamu kuliko yote niliyowahi kupanda. Nilipofika kileleni nikapiga picha, nikageuza, nikaanza kuteremka kuelekea Lyulilo. Wakati huo Mama Lugano alikuwa amekwishapita njia ya chini, mimi sikumwona.

Pale zilipogawanyika, ndipo njia zinapoungana kwa anayerudi, nikamkuta mbele yangu, kanipa mgongo. Alikuwa na ngata kichwani na juu ya ngata chungu kikubwa, chekundu, kilichozungushiwa nakshi nyeupe shingoni. Hakukishika. Alitembea kama asiye na kitu. Njia ilikuwa nyembamba na mimi nilikuwa kwenye mwendo mtamu ambao sikutaka kuukata. Nikataka kusema "Kushoto!" kama tunavyofanya mjini, halafu nikakumbuka kwamba niko nyumbani. Hapo nikajiona mstaarabu. Nikamsalimia kwa sauti kubwa, kwa Kinyakyusa kabisa:

"Mugonile, mama!"

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wasomaji wa mbali hawalijui, ila mimi nalijua tangu utotoni mwangu Ndandalo, hukuhuku Kyela. Huku kwetu mwanamke aliyelelewa vizuri akisalimiwa na mwanamume hukunja goti kwanza, ndipo anaitika. Wala hafikirii. Goti linakwenda lenyewe. Ndiyo maana mwenye mzigo kichwani hasalimiwi kwa nyuma. Mwenye baiskeli hupiga kengele, mbebaji anasimama imara, baiskeli inamzunguka polepole, na salamu inatolewa mbele, uso kwa uso, kwa sauti ndogo. Hapo yeye huitika kwa mdomo tu, na hakuna anayemwona hana adabu.

Goti lake lilikunjika. Chungu kiliinama, kikaondoka kwenye ngata, kikagonga jiwe.

Nilibana breki zote mbili, nikaangukia kwenye majani. Na sasa naandika lile ambalo ningependa kuliruka. Nilipoinuka, kitu cha kwanza nilichokifanya ni kuinua gurudumu la mbele na kulizungusha nione kama limepinda. Lilikuwa zima. Nilipogeuka nikamkuta Mama Lugano bado yuko chini, goti moja ardhini, anakusanya vigae kwenye kanga yake.

"Pole, baba," aliniambia. "Hujaumia?"

Aliponiona vizuri akagundua mimi ni wa rika lake, akaniita kaka. Nilipojitambulisha alifumba macho. "Wewe ndiye wa Subilaga? Basi hiki ndicho chako."

Kisha akasema, "Nitamwambia mama mkwe niliteleza. Wewe mgeni, usiingie kwenye mambo haya."

Nikajibu, "Haya." Neno dogo kama hilo, na lilitoka mdomoni kwa urahisi kuliko hata ile salamu.

Ikombe tulifika jua likiwa limepanda. Njia nzima niliikokota baiskeli nyuma yake, naye alikuwa amefunga vigae tumboni mwa kanga kama mtoto. Bibi Tusekile alikuwa ameketi kivulini, anasugua chungu kidogo kwa kokoto laini. Mama Lugano alipiga goti, akafungua kanga. Bibi alichukua kigae chenye nakshi, akakipapasa kwa kidole gumba kilichopinda.

"Imekuwaje?"

"Niliteleza, mama. Pale njia zinapoungana."

"Umepita pale tangu ulipoolewa. Leo ndiyo umeteleza?"

Mama Lugano aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nazitazama tairi zangu.

"Basi," bibi alisema, bila kupaza sauti. "Kuanzia leo vyungu vyangu atabeba mtu mwingine."

Niliuona uso wa Mama Lugano ukishuka. Baadaye nilielewa kwamba kwa wafinyanzi hawa kukabidhiwa chungu cha mkwe ni kuaminiwa kama binti wa kuzaa. Lakini pale sikuhitaji kuelezwa.

"Bibi," nikasema, "hakuteleza. Nilimsalimia kwa nyuma, nikiwa kwenye baiskeli. Alikunja goti kuniitikia."

Bibi alinitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe umezaliwa wapi?"

"Ndandalo."

"Kumbe si mgeni."

Afadhali angenitukana. Nilikuwa nimejiandaa kusema sikujua, na kwa maneno hayo matatu mlango huo ulifungwa. Nikakiri kwamba nilijua, kwamba nilisimama pale muda wote nikimwacha mkwe wake abebe kosa langu, na kwamba naomba radhi, kwake na kwa Mama Lugano. Nilipiga magoti yote mawili. Hakuna aliyeniambia niinuke.

Baada ya muda bibi akaikodolea macho baiskeli. "Hilo dude halina kengele?"

"Ilikuwapo, bibi. Niliing'oa."

"Na keria halina. Sasa kazi yake nini?"

"Kupanda milima."

"Mbuzi nao wanapanda," alisema, "na maziwa wanatoa."

Mama Lugano aliziba mdomo kwa kanga, lakini kicheko kilimponyoka. Bibi alimtupia jicho, kisha akampa kile chungu kidogo alichokuwa akikisugua, si mimi, yeye. "Kiweke ndani, bado hakijachomwa. Humo kimo ndugu yake kilichokwisha chomwa. Hicho umpe wewe mwenyewe kijana huyu, umfunge mgongoni, halafu umsindikize mpaka Lyulilo. Ukimwona anapanda lile dude, nyang'anya chungu urudi nacho."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba vyungu vyake bado atabeba Mama Lugano. Chungu kikubwa, lakini, hakitakuwapo kingine. Bibi aliinua mikono yake kunionyesha, akaishusha.

Kurudi Makwale nilitembea kwa miguu, mkono mmoja kwenye ule usukani mnyoofu, chungu kidogo mgongoni ndani ya blanketi. Mama Lugano alinisindikiza mpaka sokoni, na tulipoagana alinipa mkono akasema, "Nenda polepole, kaka. Chungu hakina haraka." Nikamwambia, "Ndaga fijo," yaani asante sana, naye akacheka lafudhi yangu ya mjini.

Baada ya Matema nilianza kusikia kengele nyuma yangu. Kila iliposikika nilisimama imara. Baiskeli ilipunguza mwendo, ikanizunguka, mwenyewe akashuka mbele yangu na kunisalimu kwa sauti ya chini. Yule mzee wa gunia alikuwa mmoja wao, sasa akirudi mtupu. Alinitazama mimi, akautazama mzigo, akaitazama baiskeli inayosukumwa.

"Waliokuwa wanakufukuza wamekushika?" aliuliza.

"Wamenishika, mzee."

Hakupanda tena, akatembea pembeni yangu mpaka njia ya kwake ilipoachana na yangu.

Makwale nilifika watu wakirudi shambani. Mama mdogo alikuwa mlangoni. Alikiona kimo cha mzigo mgongoni mwangu, na nikaona kwamba ameelewa, ila hakutaka kusema mbele ya binti yake. Bupe alikuja mbio, akanifungua kanga, akakiona chungu, hata hivyo akatabasamu. Kisha, kama kawaida ya msichana anayepokea zawadi kwa kaka yake, akanyoosha mikono yote miwili na goti lake likaanza kukunjika.

"Usipige goti, Bupe," nikamwambia. "Simama kwanza, nina neno."

Safari hii sikusubiri niulizwe. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama uani: njia ya juu, salamu, gurudumu nililolitazama kwanza, lile "haya" langu, na mikono ya bibi. Mama mdogo aligeuka akaingia ndani, na nilisikia akihamisha sufuria ambazo hazikuhitaji kuhamishwa. Bupe alisikiliza akiwa amesimama wima, machozi yakimtoka bila sauti.

Nilipomaliza alijifuta kwa kiganja, akanyoosha tena mikono.

"Nimesikia, kaka. Sasa niache nipokee." Na akapiga goti mpaka chini, macho yake kwenye chungu. "Goti hili si lako. Ni la bibi."

Nikakiweka mikononi mwake.

Harusi ilifungwa, na nilisaidia kubeba maji na kuni kwa baiskeli ya jirani, kubwa, nzito, yenye keria ya chuma. Siku ya kuondoka nilipita kwa fundi, nikanunua kengele kubwa ya Kyela, ile inayosikika ng'ambo ya mpunga. Kwenye mawe inalialia sana. Nimeiacha ilie.