Bibi yangu alimwita mmishonari "ndoo", naye akaleta ndoo: nilivyonusurika kutolewa shule Mji wa Kale

Wakuu, salamu zenu popote mlipo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nacheka na visa vyenu, napita. Leo zamu yangu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa, na kuna watu Mombasa wakisoma hapa watanijua mara moja. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Ni miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa darasa la saba kwenye shule ndogo ya mtaani kwetu, Mji wa Kale.

Baba alikuwa karani bandarini Kilindini, mama akishona nguo nyumbani. Lakini serikali ya nyumba yetu ilikuwa Bibi Zuhura, mama yake baba. Bibi akiamua jambo, baba alikuwa anaitikia kwanza halafu ndiyo anauliza ni jambo gani.

Sasa mimi nilikuwa napenda hesabu. Najua wengine mtaniona mgonjwa, sawa tu.

Tatizo, shule haikuwa na mwalimu wa hesabu. Aliyekuwepo alipata kazi Nairobi akaondoka. Mwalimu wa michezo ndiye aliyeshikizwa kipindi, na maskini ya Mungu, akifungua kile kitabu alikuwa anatokwa jasho kuliko sisi.

Na mwaka unaofuata ndio mtihani wa darasa la nane. Ukianguka hesabu, sekondari isahau. Kwa msichana wa mtaani kwetu enzi hizo, maana yake ni kukaa ndani kungojea posa. Wenzangu waliokaa wakaolewa wana raha zao, siwasemi vibaya. Mimi sikutaka tu.

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Swaleh, akahangaika huku na huku mpaka akawapata mtu na mkewe, wazungu, wamishonari wa kanisa moja upande wa Mbaraki. Mume anaitwa Anders, mke Karin. Watafundisha bure: mume hesabu, mke Kiingereza na sayansi. Sisi tukawaita Andasi na Karini, wakaitika.

Wakuu, mtaa uliwaka moto.

Kila kibaraza stori ni moja: wazungu wa misheni wameingia shuleni, watoto watabatizwa. Mwingine akaapa kwamba chaki zao zimeombewa. Chaki! Wiki haikuisha, wasichana wakaanza kutolewa, madawati yakabaki matupu.

Na aliyekuwa akisema kwa sauti kubwa kuliko wote ni nani? Bibi yangu.

Akamwambia baba, "Mtoto hendi tena." Baba akaitikia. Nilisoma na Andasi siku chache tu, na katika siku hizo chache nilielewa sehemu zilizokuwa zimenishinda mwaka mzima. Nililia mpaka mama akanifungia jikoni ili Bibi asinisikie.

Bibi hakuridhika kunitoa mimi peke yangu. Akasema atamngojea huyo mzungu apite, ampe vidonge vyake uso kwa uso.

Sasa wakuu, hapa naomba mnielewe, maana ndipo kisa chote kilipo.

Kimvita chetu, njia ni ndia, njaa ni ndaa, kuja ni kuya, maji ni mai. Na ukitaka kumwambia mtu njoo, unamwambia "ndoo". Ndoo ya maji nayo ni ndoo vilevile, ila sisi wenyewe hatuchanganyi.

Andasi na mkewe walijifunza Kiswahili bara, kwa kitabu.

Na kipindi hicho mifereji, wenyewe wa bara mwaita bomba, ilikuwa mikavu mji mzima. Maji tulikuwa tunanunua kwa mitungi kwenye mikokoteni. Shule ilikuwa na bahati, ina kisima chake.

Basi siku hiyo Andasi anatoka shule, Bibi yuko mlangoni na buibui lake, amejipanga. Mimi niko nyuma ya mlango nachungulia. Bibi akanyoosha mkono: "Wewe! Ndoo! Ndoo hapa!"

Andasi akasimama. Akamtazama Bibi, akatazama mfereji mkavu pale ukutani. Akasema, "Ndiyo, mama, sasa hivi!" Akageuka, akaondoka mbio.

Bibi akabaki na mkono hewani. Akasema, "Ala! Mekimbia!"

Hatujakaa sana, mzungu huyooo, anakuja na ndoo imejaa pomoni, suruali imelowa mpaka magotini, uso mwekundu. Akaiweka miguuni pa Bibi kwa adabu zote. "Karibu, mama. Ukitaka nyingine niambie."

Bibi akaitazama ndoo, akamtazama Andasi.

Halafu fundi cherehani wa ng'ambo ya pili akaangua kicheko. Kibaraza kizima kikafuata. Bibi alijaribu kukunja uso, wallahi nilimwona, akashindwa. Alicheka mpaka akashikilia mlango.

"Mimi nalikwita uye," akasema akifuta machozi, "sikukwambia ulete mai!"

Alipofafanuliwa, Andasi alicheka kuliko wote. Bibi akamketisha, mama akaleta kahawa. Lakini msidhani Bibi alisahau lake. Kikombe cha kwanza tu, akamuuliza, "Haya, niambie kweli. Wataka kuwabatiza wajukuu zangu?"

Andasi akafikiri kwanza. Akajibu, "Mama, mimi naomba kwa Mungu kila mtu aijue imani yangu, na wewe pia. Siwezi kukudanganya. Lakini shule imeniita kufundisha hesabu. Darasani nitafundisha hesabu tu."

Nikasema basi, amejimaliza.

Bibi akamtazama weeee. Kisha akasema, "Vyema. Na mimi ntakuombea usilimu. Tutaona."

Akanirudisha shule, kwa sharti moja: yeye mwenyewe atakuja kukaa darasani.

Na alikuja kweli! Kiti chake nyuma karibu na mlango, tasbihi mkononi, anamsikiliza mzungu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Andasi akitaja msalaba wa kujumlisha, Bibi anakohoa. Ilibidi aanze kusema "alama ya kujumlisha". Tulikuwa tunakufa kwa kucheka.

Karini naye akawa mwanafunzi wa Bibi, anafundishwa Kimvita jikoni kwetu. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani, yeye na mumewe hawakuonekana hata mara moja wakinywa maji mbele yetu, na joto lile la Mombasa. Hakuna aliyewaambia.

Lakini mtaa bado. Ukaitwa mkutano wa wazazi, ajenda ni moja, wazungu waondoke. Wazee wakasema wee, baba yangu kajiinamia. Mwalimu Swaleh alikuwa ameshakata tamaa, inaonekana usoni.

Bibi akasimama kule nyuma kwa kina mama.

"Mimi ndimi nloanza kusema maneno haya, nyote mwajua. Nimeketi darasani na mtu huyu. Nimengojea akosee. Sikusikia ila hesabu, na nyingine sasa nazijua! Nani kati yenu ameketi hata siku moja?"

Akawageukia wale wazee, akamalizia:

"Basi mtoto wangu asoma. Wenu, shauri yenu."

Akaketi. Mkutano ukafia pale. Wiki iliyofuata madawati yakaanza kujaa, mmojammoja, mpaka tukawa tunabanana watatu. Wakuu, furaha niliyokuwa nayo siku zile siwezi kuieleza.

Mtihani tukafanya. Matokeo yalipotoka, hesabu nilikuwa wa kwanza shuleni, na wenzangu wengi tu wakapata sekondari. Nilirudi nyumbani mbio, mtaa mzima vigelegele.

Bibi akatoka mlangoni, akapaza sauti kuelekea shuleni: "Andasi! Ndoo!"

Akasikika akijibu kule, "Naya, Bibi!" Naya, si naja. Karini alikuwa amemfunza vizuri.

Akaja na mkewe, na mkononi kabeba ndoo. Tupu. Makusudi kabisa. Bibi alicheka hadi akakaa chini, kisha akaichukua ile ndoo, akaijaza mahamri ya moto mpaka juu.

Leo nina ofisi yangu ndogo ya kutoa mizigo bandarini, mtaani kwetu mwanamke wa kwanza. Hesabu ndiyo inayonilisha.

Nilichojifunza: mtu mnayetofautiana naye, mwite akae karibu umuulize swali lako waziwazi, na umvumilie akikujibu ukweli usioupenda. Bibi na Andasi hawakukubaliana hata siku moja, na walipendana.

Bibi alimwombea Andasi asilimu mpaka siku alipofariki. Andasi naye, nina hakika, hakuacha kumwombea Bibi. Hizo dua zao mbili Mungu ndiye ajuaye alizifanyia nini. Ya kwangu, niliyoiomba nikiwa nimefungiwa jikoni, ilijibiwa.

Haya, uwanja ni wenu. Waliosoma Mombasa miaka hiyo semeni, na watu wa bara mlioitwa "ndoo" mkaenda kutafuta ndoo, jitokezeni bila aibu.