Kitambaa Mlangoni

Shangazi yangu husafisha nyumba za watu, na kwenye makubaliano hana mchezo. Anazungushwa nyumba nzima, mnapatana bei, kisha anatundika kitambaa cha bluu kwenye kitasa cha kila chumba mlichokubaliana. Akimaliza chumba, anaondoa kitambaa chake. Mlango usio na kitambaa haumhusu.

Jana nilimsindikiza kwa mama mmoja mwenye maneno matamu. Tulipotoka bafuni tukakuta kitambaa cha bluu kwenye mlango wa stoo, ambayo haikuwemo kwenye bei na imejaa vumbi hadi darini. Damu ilinichemka. Shangazi alikigeuza tu, akamtabasamia mwenye nyumba.

"Dada, hiki si changu. Vyangu vyote nimevishona pindo mwenyewe. Aliyekitundika ndiye atakayesafisha, au tukae tuongee bei."

Mwenye nyumba akavuta viti viwili.